Bi Fundi Anajibu: Mguu wa mbele wa ndege yetu

*Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Shangani, Mtwara. Mjomba wangu amerudi kutoka Afrika Kusini na ndege ya viti viwili, RV-6A, aliyoinunua ikiwa imeungwa nusu. Tumeimalizia pamoja ndani ya ghala la zamani la korosho na sasa tunasubiri wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mjomba ana leseni ya urubani na anataka tuwe tunakwenda nayo Nachingwea, kwenye shamba la familia. Rubani mmoja rafiki yake kamwambia kuwa ndege hizi mguu wa mbele hukunjika wakati wa kutua, ndege ikapinduka kichwa chini. Sasa mjomba anataka tuchomelee bamba la chuma kwenye ule mguu ili uwe mgumu. Mimi roho inasita, lakini siwezi kumbishia mjomba bila hoja. Tufanyeje? – Msomaji wa Shangani*

Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa: msichomelee. Kama mashine ya kuchomelea imeshawashwa, izimeni, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Mguu ule ni fimbo ya chuma cha springi, nene juu, nyembamba chini. Umetengenezwa upinde na kurudi, kama upinde wa mwindaji. Ugumu wake umetokana na kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo kiwandani. Ukiugusa kwa moto wa kuchomelea, pale ulipogusa chuma kinabadilika tabia: sehemu moja inalegea, ya jirani yake inakuwa kavu kama kigae. Kwa macho hutaona kitu. Utaona siku umekatika, na utakatika pembeni mwa lile bamba, mahali pagumu panapokutana na laini. Mwambie mjomba, kwa heshima zake zote, kwamba mtu aliyefanya kazi ya ndege miaka 31 anamwomba asifanye hivyo. Najua huku kwetu neno la mjomba ni zito. Ndiyo maana nakupa hoja, umpelekee.

Hata hivyo rafiki wa mjomba hakusema uongo. Jambo hilo lipo, na ni vizuri mlielewe linavyotokea, maana mkilielewa mtaona kwamba dawa yake haimo kwenye unene wa chuma.

Ndege za RV hutoka kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973. Huja kwa vipande ndani ya maboksi, mnunuzi akaiunga mwenyewe. RV-6 peke yake ina gurudumu dogo mkiani. Herufi A ikiongezwa mwishoni, maana yake gurudumu limehamia mbele. Gurudumu hilo ni dogo, kimo chake karibu sentimita 25, na limeshikwa na foki inayozunguka huru kama magurudumu ya toroli la dukani. Rubani hakati kona kwa gurudumu hilo. Anakata kona kwa breki za magurudumu makubwa na kwa usukani wa mkia. Sasa angalia pale foki inapoungana na fimbo: chini kabisa pana nati kubwa. Nati hiyo iko karibu na ardhi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Ndege ikitua na uzito ukaangukia pua, fimbo inapinda kwenda nyuma na chini. Gurudumu likikutana na shimo, tuta au mchanga, linavutwa nyuma, fimbo inazidi kupinda, na ile nati inashuka. Siku nati ikigusa udongo, mambo yamekwisha. Inachimba kama jembe. Ndege bado ina mwendo, mguu umekita, basi mguu unakunjwa chini ya tumbo, pua inashuka, mkia unapanda, ndege inalala chali. Wachunguzi wa ajali wa Marekani walilichunguza suala hili, na mwaka 2007 watengenezaji wakatoa maelekezo ya kubadilisha foki na mguu ili nati ikae juu zaidi kutoka ardhini. Kazi yenu ya kwanza ndiyo hiyo. Ndege yenu imenunuliwa nusu, haijulikani maboksi yalikaa kwenye gereji ya mtu miaka mingapi, kwa hiyo yawezekana kabisa foki mliyofunga ni ile ya zamani. Andikieni kiwanda, muwape namba ya ndege, muulize. Kama ni ya zamani, agizeni mpya. Fedha ambayo mjomba angeitumia kwa bamba na fundi wa kuchomelea, aiweke hapo.

Sasa nikueleze kitu ambacho kimenikaa moyoni. Nilikuwa bado kazini. Mwenye ndege mmoja wa binafsi alileta ndege ya kuunga, ya aina inayofanana na yenu, nikaifungua gurudumu la mbele, nikaosha beringi, nikatia grisi mpya, nikafunga. Ekseli niliikaza kwa mazoea ya mkono. Wiki ile ile tukaenda kwenye uwanja wa udongo uliozungukwa na mikorosho, mimi nikitangulia kwa gari. Nilikuwa nimesimama pembeni ndege inatua. Haikutua vibaya. Magurudumu makubwa yaligusa kwanza, pua ikashuka taratibu, nikaanza kutembea kuifuata. Ndipo nikaona gurudumu la mbele linatetemeka, na fimbo inapiga mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila pigo refu kuliko lililotangulia. Kisha vumbi. Vumbi lilipotulia ndege ilikuwa chali kama kobe, na rubani ananing'inia kwenye mikanda, petroli inadondoka kutoka kwenye mfuniko wa tangi.

Rubani alitoka mzima, na namshukuru Mungu mpaka leo. Jioni nilipiga magoti pale, nikashika lile gurudumu nikalizungusha. Halikuzunguka. Lilisimama mara tu nilipoliachia. Nilikuwa nimeibana beringi kupita kiasi, na ule mkwamo mdogo ndio uliokuwa ukivuta gurudumu nyuma wakati ndege inakwenda mbele. Fimbo ya springi ikivutwa hivyo inarudi, inavutwa tena, inarudi tena, na ikishaanza kucheza wimbo huo rubani hana la kufanya.

Kwa hiyo gurudumu lenu linyanyueni kutoka ardhini, mlizungushe kwa mkono. Liende mizunguko kadhaa lenyewe, bila mlio na bila kukwaruza, na ukilishika juu na chini ukalitikisa lisicheze ubavuni. Yote mawili kwa pamoja. Wengi wanaangalia moja tu. Beringi ikicheza si nzuri, beringi ikibana ni mbaya zaidi, na mipira ya kuzuia vumbi iliyo pembeni yake nayo inaweza kuwa ndiyo inayokwamisha. Kitabu cha ndege kinaeleza namna ya kukaza. Fuateni kitabu, tumieni spana ya kupimia nguvu, msifuate mkono kama nilivyofanya mimi.

Kuna na foki yenyewe. Isiwe legevu ikayumba kama toroli bovu, wala isiwe ngumu ikakataa kugeuka. Chini yake pana washa za springi, yaani visahani vya chuma vinavyobanwa na nati, na ile nati yenyewe, na kitabu kinasema foki igeuke kwa nguvu kiasi gani ukiivuta ubavuni kwenye ekseli. Kwa ndege za familia hii ni kati ya kilo 10 na 12 hivi. Kipimo chake hakihitaji kutoka Ulaya. Mimi hapa Mikindani naazima mizani ya ndoano kwa wauza samaki, ile ya kupimia changu na jodari, naiosha vizuri, naikagua kwa jiwe lenye uzito ninaoujua, naining'iniza kwenye ekseli, navuta polepole nikisoma namba pale foki inapoanza kugeuka. Pimeni siku ya kwanza, na mpime tena baada ya safari chache za mwanzo, kwa sababu washa mpya hukaa sawa na kulegea.

Jambo la tatu ni letu sisi watu wa pwani: chumvi. Ghala lenu liko Mtwara mjini, upepo wa kusi unaingiza chumvi mpaka kabatini. Chuma cha springi hakipendi kutu hata kidogo, maana kijishimo cha kutu cha ukubwa wa punje ya mchicha ndiko ufa unakoanzia. Mguu wenu umevikwa kifuniko cha plastiki ili upepo upite vizuri, na ndani ya kifuniko hicho umande wa chumvi unakaa bila kuonekana. Kifungueni kila mwezi. Futeni kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausheni, angalieni rangi. Rangi ikibanduka, rudishieni siku hiyo hiyo. Kisha panda juu kwa macho mpaka pale mguu unapoingia kwenye fremu ya injini. Pana bolti inayopita katikati. Shika mguu kwa mikono miwili, uutikise mbele na nyuma na kuuzungusha. Ukisikia hata mlio mdogo, tundu la bolti limeanza kupanuka. Kwenye mabomba ya fremu kuzunguka hapo tafuteni nyufa, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa kiwandani, kwa tochi na kioo kidogo cha mkono. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba mara nyingi ndiyo habari ya kwanza ya ufa.

Na upepo wa tairi. Mpime kila asubuhi ya kuruka, tairi likiwa halijapata jua. Tairi likilegea nati inashuka, na tairi lililolegea linavuta zaidi. Ukishajaza kwa kipimo cha kitabu, ndege ikiwa imesimama sakafuni bila mtu, kata kijiti cha mwanzi kinachoenea sawasawa kati ya sakafu na nati. Kiandike tarehe, kitundike karibu na mlango wa ghala. Kila mara kabla ya safari kipitishe chini ya nati. Siku kisipopita, tairi limelegea au fimbo imeanza kupinda na haikurudi. Usiruke mpaka ujue ni lipi.

Hayo ni ya fundi. Ya rubani ndiyo makubwa kuliko yote, kwa hiyo hapa msomee mjomba kwa sauti. Gurudumu la mbele halikuwekwa kwa ajili ya kutua. Limewekwa ili ndege isimame na itembee. Kutua ni kazi ya magurudumu mawili ya nyuma yake.

Anzeni na mwendo. Kila ndege ina mwendo ambao chini yake bawa haliwezi tena kubeba. Tuseme kwenu ni kilomita 85 kwa saa magurudumu yakikaribia kugusa. Mwendo wa kushuka kuelekea uwanjani ni huo mara 1.3, yaani kama 110. Rubani mwoga wa uwanja mfupi huongeza kidogo kidogo, anafika na 130, anadhani amejiwekea akiba. Nguvu ya mwendo inakua kwa mraba: 130 ikilinganishwa na 110 ni karibu asilimia 40 zaidi ya nguvu inayotakiwa kuisha kabla ndege haijasimama. Ndege yenye mwendo wa ziada haitaki kukaa chini. Inaelea. Rubani anaona uwanja unakwisha, anasukuma usukani wa mkononi mbele ili aishushe kwa lazima. Hapo ndipo gurudumu la mbele linapogusa kwanza, na mguu unabeba mzigo ambao haukuumbiwa.

Nachingwea nayo ina lake. Mji uko kama mita 400 juu ya bahari, na mchana wa Novemba joto linafika nyuzi 33. Hewa ya namna hiyo ni nyepesi kana kwamba uwanja uko mita 1,150 hivi. Saa ya mwendo ikisoma 110, ardhini mnakwenda kama 116. Macho yatamwambia mjomba kwamba ana kasi sana, atataka kupunguza. Asipunguze, aamini saa. Ila ajue kwamba atahitaji uwanja zaidi, na kwamba asubuhi saa moja hewa ni nzito na rafiki kuliko saa nane mchana.

Akifika juu ya uwanja, apunguze moto, yaani nguvu ya injini, aiweke ndege sambamba na ardhi, kisha aanze kuvuta usukani polepole, polepole, akiikatalia ndege kugusa mpaka yenyewe ichoke. Magurudumu makubwa yanagusa pua ikiwa juu. Na hapo ndipo marubani wengi wanapoharibu: wamegusa, wamefurahi, wanaachia usukani. Asiachie. Aendelee kuvuta mpaka usukani ufike tumboni, pua ikae hewani kadiri upepo unavyoweza kuibeba, ishuke yenyewe mwendo ukiwa mdogo. Hata ikishashuka aendelee kuvuta. Mpaka kwenye maegesho usukani uwe nyuma, na mwendo wa kutembea uwe wa mtu anayetembea kwa miguu. Wakati wa kuruka vilevile: usukani nyuma tangu mwanzo, pua iwe nyepesi mapema.

Breki nazo. Chukua ndege ya kilo 500, magurudumu ya mbele na nyuma yameachana mita 1.4, kitovu cha uzito kiko sentimita 20 mbele ya magurudumu makubwa. Ikiwa imesimama, gurudumu la mbele linabeba kama kilo 71. Mjomba akikanyaga breki kwa nguvu ya asilimia 30 hivi ya uzito wa ndege, na kitovu hicho kiko sentimita 80 kutoka ardhini, pua inaongezewa kama kilo 86. Jumla 157, zaidi ya mara mbili, bila shimo wala tuta. Halafu lipo shimo. Kwa hiyo breki ni za mwisho, mwendo ukishaisha. Na mizigo msiilundike mbele. Pimeni ndege kwa mizani mitatu, mpige hesabu ya kitovu chake ikiwa na mtu mmoja, na ikiwa na wawili.

La mwisho kwa rubani: ndege ikidunda. Itadunda siku moja, hata kwa rubani mzuri. Ikidunda kidogo, ashike pua pale pale ilipo, aongeze moto kidogo, aiache ikae tena. Ikidunda kwa juu, au ikidunda mara ya pili, aweke moto wote na aruke tena, azunguke, aje upya. Asiifukuze kwa usukani. Anayesukuma mbele ikipanda na kuvuta ikishuka anachelewa kila mara, na kila mdundo unakuwa mkubwa kuliko uliopita, pua ikigonga kwa nguvu zaidi, mpaka mguu uachie. Petroli ya mzunguko mmoja ni bei ya mkungu wa ndizi.

Na kama licha ya yote imepinduka? Kabla ya kila kutua mikanda ya mabega ikazwe mpaka iume kidogo. Muwe na nyundo ndogo ya kuvunjia kioo, imefungwa mahali mkono unafika mkiwa chali, maana kifuniko cha kioo hakitafunguka kikiwa kimelaliwa na ndege. Funga petroli, zima umeme. Weka mkono mmoja juu ya dari kabla hujafungua mkanda, la sivyo utaangukia shingo. Siku ile ya mikorosho, wakulima waliokuwa wakiokota korosho walikuja mbio, wanaume kwa wanawake, wakanyanyua mkia na bawa moja kwa mabega yao mpaka rubani akapenya. Hakuna aliyewafundisha. Nyinyi wafundisheni watu wa Nachingwea mapema: wanyanyue wapi, wasiguse propela, wasiwashe sigara. Na propela ikishagonga ardhi injini ikasimama ghafla, isiwashwe tena mpaka ifunguliwe na kukaguliwa ndani, hata kama inaonekana nzima. Lycoming wenyewe wanasema hivyo kuhusu injini zao.

Nisalimie mjomba. Mwambie wakaguzi wakishapita, afanye mazoezi kwenye lami ya uwanja wa Mtwara kwanza, ndefu na pana, na rubani mwalimu pembeni. Nachingwea haiendi popote.

*Bi Fundi, shikamoo. Niko kidato cha pili, Lindi. Nimesoma kwamba gurudumu la mbele ndilo linaloharibika sana kwenye ndege ndogo. Kwa nini basi ndege nyingi zinalo? Si wangerudisha mkiani? – Mwanafunzi wa kike, Lindi*

Marahaba mjukuu wangu, na nimefurahi mno kupata barua yako. Nenda pale stendi umwangalie mtu mwenye mkokoteni. Akiuvuta, mkokoteni unamfuata, unanyooka wenyewe. Akiusukuma kwa nyuma, unataka kukata kona, lazima aushikilie muda wote. Ndege yenye gurudumu mkiani ina uzito wake mwingi nyuma ya magurudumu makubwa, ni kama mkokoteni unaosukumwa: mkia ukitoka kidogo pembeni unataka kupita mbele, na ndege inazunguka uwanjani kama pia. Ndege yenye gurudumu la mbele ina uzito mbele ya magurudumu makubwa, kwa hiyo hata ikigusa imekaa upande inajinyoosha. Tena rubani anaona mbele, hajazibwa na pua. Ndiyo maana Cessna 172 ilipoanza kuuzwa mwaka 1956, ambayo kimsingi ilikuwa Cessna 170 iliyohamishiwa gurudumu mbele, ilipendwa sana na watu wanaojifunza.

Ndege kubwa unazoziona Dar es Salaam nazo zinalo, lakini mguu wao una silinda yenye mafuta na gesi inayomeza pigo. Ndege za kuunga zinahitaji kuwa nyepesi na rahisi, basi wengine hutumia fimbo ya springi, wengine mpira. Zenith CH 701, kwa mfano, mguu wa mbele unategemea kamba nene ya mpira. Mpira unachakaa kwa jua na joto, hivyo mwenye ndege hiyo huku kusini aubadilishe mapema, asingoje ukatike. Kila mpango una faida na gharama zake. Ukipenda hesabu na fizikia, andika tena. Nitakujibu kila mara.

*Bi Fundi, pole na kazi. Kuna wageni wanaotaka kutua na ndege ndogo kwenye shamba letu karibu na Masasi, wametuomba tuwasafishie uwanja. Tumekata miti na kufyeka. Tutajuaje kwamba panafaa? – Msomaji wa Masasi*

Nimeshapoa, ahsante. Kufyeka ni mwanzo tu. Kinachovunja mguu wa mbele ni vile visivyoonekana kwa aliyesimama: kichuguu kilichokatwa lakini kisiki chake kikaachwa, tundu la fuko, mfereji wa maji ya mvua uliopita kwa upana, alama ya tairi la trekta iliyokauka ikawa ngumu kama saruji.

Tembeeni urefu wote watu sita kwa mstari mmoja, mkiwa mmeachana hatua mbili. Kila mmoja awe na fimbo, achokonoe. Chimbeni kichuguu mpaka mizizi yake, mjaze udongo, mshindilie, maana kikiachwa mchwa wanakirudisha msimu mmoja. Kisha mpande gari dogo la mizigo, mlipitishe katikati kwa kilomita 60 kwa saa. Kama walio nyuma wanarushwa, panavunja ndege. Rudieni kwa mstari wa kushoto na wa kulia, maana ndege haifuati uzi. Majani yasizidi theluthi moja ya kimo cha gurudumu dogo. Kwa gurudumu la sentimita 25 ni sentimita 8 tu, chini ya kiganja.

Na baada ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, msiwaruhusu mpaka mmejaribu kwa kisigino. Simama kwa mguu mmoja, kandamiza kisigino kwa uzito wako wote kila baada ya hatua 20. Kisigino kikizama zaidi ya unene wa kidole gumba, gurudumu dogo litazama pia. Wapigieni simu wageni mapema, kabla hawajaondoka walikotoka, muwaambie hali halisi ya siku ile, pamoja na upepo unatoka wapi na ng'ombe wako upande gani. Wekeni mtoto mkubwa mwenye akili kila mwisho wa uwanja kuzuia mifugo, na mchukue kitambaa cheupe, mkitandike mwanzo wa sehemu mliyoipima, ili rubani ajue aguse wapi na asiguse wapi.